Vipande vya kitenge: namna ya kushona shushu, bando, boneti na kilemba nyumbani

Ukipita kwa mshonaji saa za mangaribi, iwe Kadutu, Birere, Uvira ao Bunia, utaona chini ya mashini kumejaa vipande vya vitenge. Vingine ni vidogo kama kiganja, vingine vina urefu wa mkono. Asubuhi vinafagiwa na kuchomwa pamoja na takataka, ao vinajazwa mu mito. Lakini shushu moja, ile elastiki ya nywele iliyovalishwa kitambaa, inaomba kipande cha sentimita 10 kwa 50 tu.

Mimi nilijifunza hii kazi kwa mama yangu mdogo. Akipeleka kitenge kushona, alikuwa anangoja mpaka mshonaji anamaliza kukata, kisha anafungua mfuko wake na kuomba vipande vyake vyote. Mtoto wa kike wa nyumba yake hakukosa kitu cha kufunga kichwani siku ya sikukuu. Siku hizi wabinti wengi na wamama wengi wanataka kufanya vile vile, wengine kwa kujivalia, wengine juu ya kutafuta franka za chumvi na sabuni. Ndiyo maana tumeandika hapa vipimo, hatua moja moja, na mahesabu.

Kupamba kichwa si jambo la jana

Kwetu mashariki, kujitengenezea mapambo ya kichwa ni kazi ya zamani. Kule Haut-Uele, wanawake Wamangbetu walikuwa wanajenga nywele zao juu ya umbo la vijiti vilivyofumwa, zinapanuka nyuma ya kichwa kama sahani, wanazishika na pini za pembe ya tembo, za mfupa ao za chuma. Picha zilizopigwa na msafara wa magari ya Citroën mwaka 1924 na 1925 zilitembeza ule msuko mu dunia yote. Kwa Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, kofia za wanamemba wa bwami zilishonewa simbi, shanga na vifungo. Ila zile hazikuwa za urembo tu: kila kofia ilionyesha cheo cha mwenye kuivaa.

Kitenge chenyewe kilikuja kwa njia ndefu. Waholanzi waliiga batiki ya Indonesia kwa mashini, na kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, iliyoanzishwa 1846, inafanya ile kazi. Sisi pia tulikuwa na viwanda vyetu vya nguo: Filtisaf mu Kalemie na Sotexki mu Kisangani. Wakati wa Zaire, siasa ya otantisite ya Mobutu iliwasukuma wamama waache suruali na wavae kitenge. Leo vitenge vingi vya soko vinatoka China, lakini kila tarehe 8 Marchi barabara zetu zinajaa wamama wa kitenge na kilemba.

Chagua kitambaa mbele ya kukata

Kuko wax na kuko fancy. Wax ina rangi sawa pande zote mbili. Fancy ina rangi upande mmoja, nyuma inafifia ao inabaki nyeupe. Kwa shushu na bando, fancy inafaa, juu upande wa nyuma unafichama ndani. Lakini kwa kilemba cha kufunga, kamata wax: ukikunja fundo, upande wa nyuma utatokea na watu watauona.

Fua kitambaa kipya mara moja na maji ya baridi, peke yake, mbele ya kukata. Kikiwa cha kurudi, kirudi sasa, si nyuma ya kushona. Kikitoa rangi, fua tena mpaka maji yabaki safi, hasa kama kitakaa juu ya nywele za jasho.

Vyombo vya kuanzia ni vichache: shindano, uzi wenye nguvu, makasi makali, elastiki, epengle ile ya kufunga nepi ya mtoto, utepe wa kupimia, na kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea. Pasi ya makala inasaidia sana. Mashini si lazima. Kwa mkono, shona hatua ndogo ndogo, na kila mara rudisha shindano nyuma kidogo mbele ya kuendelea, ndipo mshono utashika.

Shushu

Kata kitambaa cha sentimita 10 kwa 50, na elastiki nyembamba ya sentimita 20.

1. Kunja kitambaa kwa urefu, upande wa rangi ubaki ndani. Shona kandokando ya ule urefu, sentimita 1 kutoka ukingo. Acha miisho miwili wazi.
2. Funga epengle ku mwisho mmoja, ipitishe ndani ya bomba, vuta mpaka kitambaa kinageuka na rangi inatokea inje.
3. Pitisha elastiki na ile epengle. Shika mwisho wa kwanza vizuri usipotelee ndani.
4. Funga elastiki fundo mbili, kisha shona juu ya fundo.
5. Ingiza mwisho mmoja wa kitambaa ndani ya mwengine, kunja ukingo, shona.

Ya kwanza itakukamata nusu saa ao zaidi. Ukizoea, dakika 20 zinatosha.

Bando ya kichwa

Hapa kupima ni lazima. Zungusha utepe kutoka nyuma ya shingo, kupitia nyuma ya masikio, mpaka juu ya kipaji. Tuseme umepata sentimita 56.

Kipande cha mbele: urefu ni kipimo cha kichwa kutoa 9, maana yake 47, upana ni 24. Kipande cha kufunika elastiki: sentimita 20 kwa 7. Elastiki yenyewe: upana wa sentimita 2, urefu wa 10.

Shona kila kipande kama bomba na ukigeuze, sawa na shushu. Pitisha elastiki ndani ya bomba dogo. Kitambaa kitajikunyata, ni vizuri. Shona elastiki ku miisho yote miwili isitoke. Kisha kamata bomba kubwa, kunja miisho yake mara mbili tatu kama feni ipungue upana, na uishonee ku bomba dogo. Ukitaka fundo la mbele, kata kipande kingine cha sentimita 12 kwa 10, kizungushe katikati ya bando na ukishone nyuma.

Bando ikikamilika inakuwa ndogo kuliko kichwa kwa sentimita 3. Usiipunguze zaidi. Sababu tutaisema chini.

Boneti ya kulala

Pamba ya mto na ya kitenge inasugua nywele usiku na kunywa mafuta yake. Sateni inateleza. Ndiyo maana boneti nzuri ni ya kitenge inje na sateni ndani.

Chora duara: funga uzi ku kipande cha sabuni, pima sentimita 30, shika mwisho wa uzi katikati ya kitambaa na kidole, kisha zungusha. Utapata duara la sentimita 60. Kwa msuko mrefu, weka uzi wa 35. Kata moja ya kitenge na moja ya sateni. Huna kitenge kizima? Unganisha vipande 16 vya sentimita 17 kwa 17, vinne kwa vinne, ukiacha sentimita 1 kila mshono: vinatosha duara, na mchanganyiko wa rangi ndio unapendwa.

Lalisha maduara mawili, pande nzuri zikitazamana. Shona kuzunguka, acha mlango wa sentimita 8. Geuza, piga pasi, kisha shona mstari mwengine kuzunguka, sentimita 2 kutoka ukingo: hiyo ndiyo njia ya elastiki. Kwa kichwa cha 56, kata elastiki ya 54. Ukipandanisha miisho sentimita 2 itabaki 52. Ipitishe, ishone, funga mlango. Sateni haipendi pasi ya moto, kwa hiyo piga pasi upande wa kitenge tu, na moto kidogo.

Kilemba

Yadi mbili za kitenge ni kama metre 1 na sentimita 83. Kata ule upana katikati, kutoka mwisho hadi mwisho, utapata vilemba viwili: kimoja chako, kimoja cha dada ao cha kuuza. Kunja kingo na uzishone zisifumuke.

Kwa kufunga, weka katikati ya kitambaa nyuma ya shingo, leta miisho yote mbele ya kipaji, ipishanishe, isokote, funga fundo, kisha ficha miisho ndani. Kitenge kilichofuliwa mara nyingi kinalegea na hakisimami. Koroga unga kidogo wa muhogo mu maji baridi, chemsha mpaka uwe uji mwepesi sana, ongeza maji, chovya kitambaa, anika, piga pasi kikiwa na unyevu. Kitasimama kama kipya.

Usikate nywele zako kwa urembo

Wengi wetu tunaona nywele za mbele na za karibu na masikio zinapungua, tunasema ni ukoo ao ni uzee. Mara nyingi ni kuvutwa: misuko ya kukaza, kisha bando ya kukaza juu yake, kila siku, miaka na miaka. Alama zake ni maumivu ya ngozi, vipele vidogo ku mizizi ya nywele, na kichwa kuuma jioni. Ukiacha kuvuta mapema, nywele zinaweza kurudi. Ukiendelea, mizizi inakufa na haioti tena.

Kwa hiyo jaribu hivi: ukivaa bando ao boneti, kidole kimoja kipite chini yake bila taabu. Ikiacha alama ku kipaji, fungua na uongeze elastiki. Kwa watoto wadogo, angalia mara mbili, juu hawajui kusema mahali panauma.

Tena, mapambo ya kichwa hayaazimwi hovyo. Choa za kichwa zinapita kwa kofia, vilemba na vitana, hasa kati ya watoto. Na juu ya mpox, ambayo imetusumbua sana Kivu ya Kusini, kitambaa cha mgonjwa kisivaliwe na mwengine. Cha kitenge, kifue na maji ya moto na sabuni, ukianike ku jua. Kama ngozi ya kichwa ina vidonda ao viraka visivyo na nywele, nenda kituo cha afya.

Kama unataka kuuza

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Yadi moja ya kitenge yenye upana wa sentimita 115 inatoa shushu 18: mbili kwa upana, tisa kwa urefu. Zile 18 zinaomba elastiki ya metre 3 na sentimita 60.

Tufanye hesabu ya mfano. Wewe weka bei za soko ya kwenu. Tuseme yadi ni franka 5.000, elastiki metre nne 2.000, uzi 1.000. Jumla 8.000. Ukiuza kila moja 500, utapata 9.000. Faida ni 1.000, na umefanya saa sita: dakika 20 mara 18. Hapo umejichosha bure.

Sasa ondoa ile 5.000, juu vipande ulivipata kwa mshonaji. Umetumia 3.000, umeuza 9.000, umebaki na 6.000. Kazi ni ile ile, saa ni zile zile. Faida ya hii kazi iko mu vipande. Anayenunua kitenge kizima kwa kukata shushu, karibu anafanyia kazi muuza kitenge.

Lakini vipande ni vya nani? Kitenge ni cha mteja, basi na kinachobaki ni chake, isipokuwa amekiacha. Ukienda kwa mshonaji, usiviokote kimyakimya. Ongea naye: awaulize wateja, na wewe umletee kitu, hata shushu tatu kwa mabinti wake ao kumfagilia nyumba ya kazi jioni. Na wewe mteja, ukitaka vipande vyako, sema mbele ya makasi kuanza, si siku ya kuchukua nguo.

Mbele ya kuuza, vuta kila shushu mara kumi. Ikikatika mikononi mwako, ni hasara ya elastiki ya sentimita 20 tu. Ikikatika kwa mteja, hatarudi, na atawaambia wengine. Anza na tano, wape watu wa nyumba wazivae wiki moja, angalia mshono gani umefunguka, urekebishe, ndipo upeleke soko.