Mkono wa Mchezaji: Onyesho la Kisa katika Final Fantasy, 1987–2001

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi onyesho la kisa lilivyokua katika Final Fantasy, mfululizo wa michezo ya video ya kifantasia kutoka Japani, tangu mwaka 1987 hadi 2001. Yanadai kwamba maonyesho yanayokumbukwa zaidi hayakupata nguvu yake kutokana na ubora wa picha, bali kutokana na namna watungaji walivyompa mchezaji uwezo wa kutenda kisha wakaugeuza au wakamnyang'anya. Yanaonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ni historia ya tafsiri.

Utangulizi

Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kuwagawa wahusika wa utambaji katika fanani na hadhira, na wamezoea vilevile kukiri kwamba mpaka uliopo baina ya makundi hayo si imara. Hadhira huitikia, hupokea wimbo, humkatiza mtambaji na hata kumsahihisha. Inashangaza basi kwamba utanzu ambao hadhira yake haiwezi kuufikia mwisho wa kisa pasipo kutenda bado haujapata mahali katika mijadala yetu. Niliwahi kusimamia pendekezo la tasnifu ya uzamili kuhusu masimulizi ya michezo ya video. Jopo lililolipitia lililirudisha likiwa na neno moja pambizoni: "mchezo". Neno hilohilo ndilo tunalolitumia, bila kuona haya, kwa mchezo wa kuigiza.

Natumia istilahi "onyesho" kwa maana iliyo karibu na ile ya tamthilia, yaani kipande cha kisa kinachotendeka mahali pamoja kwa mfululizo mmoja wa wakati. Istilahi hii ina upungufu. Kitenzi "onyesha" kinachukulia kwamba kuna mtu anayeonyeshwa, naye ametulia; ilhali mtu ninayemzungumzia ameshika kidhibiti mkononi, na mara nyingi swali la msingi ni lini mkono huo unaruhusiwa kutenda na lini unafungwa.

Kutoka daraja hadi kioo

Final Fantasy ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Square tarehe 18 Desemba 1987 kwa ajili ya mashine ya Famicom. Hironobu Sakaguchi aliiongoza, Nobuo Uematsu akatunga muziki, na Yoshitaka Amano akabuni michoro. Mashujaa wake wanne hawana majina ila yale wanayopewa na mchezaji, wala hawana tabia inayowatofautisha. Hata hivyo, mna onyesho moja linalostahili kutajwa. Mashujaa wanamwokoa binti mfalme, mfalme anaamuru daraja lijengwe, na wanapolivuka ndipo picha ya ufunguzi na maandishi ya utangulizi yanapotokea. Kilichopita kilikuwa dibaji. Hadithi inaanza pale mchezaji anapovuka kwa miguu yake mwenyewe.

Toleo la pili, la mwaka 1988, lilileta wahusika wenye majina na wenye kufa. Josef analizuia jabali ili wenzake wapite. Minwu anautoa uhai wake ili afungue muhuri unaoficha uganga mkuu. Vifo hivyo vinasimuliwa kwa sentensi chache na kupita.

Mageuzi ya kweli yalikuja mwaka 1991 na Final Fantasy IV. Cecil, kamanda wa jeshi la anga la Baron, ni askari wa upanga wa giza anayeanza kuchukizwa na amri anazozitekeleza. Anapanda mlima ili ajitakase, na kileleni anageuzwa kuwa askari wa nuru. Lakini sura yake ya kale inatoka katika kioo na kumshambulia. Kwa saa kadhaa mchezo umemfundisha mchezaji kwamba kupigana ni kupiga. Hapa anashinda kwa kuacha kupiga: anayavumilia mapigo mpaka kivuli kinaisha. Mwandishi wa riwaya angeweza kutueleza kwamba Cecil ametubu. Mtungaji wa mchezo anadai kwamba mchezaji mwenyewe aushushe upanga, na asipouelewa ujumbe huo atatatizika.

Katika mchezo huohuo, pacha wawili wachanga wenye ujuzi wa uganga, Palom na Porom, wanajigeuza mawe ili wazizuie kuta zinazojisogeza kuwasaga wenzao. Mzee Tellah anajaribu kuwatibu kwa uganga unaotibu hali hiyo kila siku vitani, na uganga huo haufanyi kazi, kwa kuwa watoto hao walijigeuza kwa hiari yao. Hii ni mara ya kwanza katika mfululizo huu ambapo kanuni za mchezo na kanuni za kisa zinagongana waziwazi. Ni bahati mbaya kwamba watungaji waliwarudisha pacha hao wakiwa hai baadaye, wakaupunguzia uzito uamuzi wao wenyewe.

Tellah huyohuyo ndiye mwenye sentensi mashuhuri kuliko zote katika historia ya tafsiri za michezo hii. Katika Kijapani anamtukana mshairi Edward, aliyempenda binti yake hadi binti huyo akauawa, kwa kiwakilishi kikali cha nafsi ya pili, bila ya tusi jingine la maana. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1991 ilikosa kiwakilishi cha namna hiyo, ikatumia kivumishi kikongwe chenye maana ya mtu aliyepumbazwa na mapenzi. Onyesho la msiba likageuka kichekesho. Wachezaji walikipenda kichekesho hicho kiasi kwamba watafsiri wa matoleo ya baadaye walikihifadhi kwa makusudi. Lugha yetu nayo inajua jinsi nafsi ya pili inavyoweza kubeba dharau: tofauti baina ya "wewe" na "we!" haiko katika kamusi.

Opera na kisiwa

Final Fantasy VI ilitoka tarehe 2 Aprili 1994 chini ya uongozi wa Yoshinori Kitase na Hiroyuki Ito. Ina maonyesho mawili ambayo kwa maoni yangu hayajapitwa na lolote lililofuata.

La kwanza ni la opera. Mashujaa wanahitaji merikebu ya angani, na mwenyewe, Setzer, ametangaza kwamba atamteka mwimbaji Maria jukwaani. Celes, jenerali aliyeiasi dola, anafanana na Maria, basi anawekwa mahali pake. Kabla ya kupanda jukwaani mchezaji anasoma maneno ya wimbo katika chumba cha kuvalia. Jukwaani anatakiwa achague mstari unaofuata, na akikosea anarudishwa nyuma. Msomaji wa ngano za Kiswahili atakiona hapa kitu anachokijua: wimbo uliopandwa katikati ya hadithi, usiokuwa pambo bali ufunguo wa kisa. Mashine ya Super Famicom haikuweza kubeba uimbaji wa binadamu kwa urefu huo. Uematsu alitumia mlio wa kielektroniki unaopanda na kushuka kama sauti ya mwanamke lakini usiotamka hata silabi moja, huku maneno yakiandikwa katika skrini. Wimbo wenyewe unakamilika kichwani mwa mchezaji. Matoleo ya karibuni yameweka waimbaji halisi, nao wanaimba vizuri; lakini kazi ile ambayo sikio la mchezaji lilikuwa ikiifanya imeondolewa.

La pili ni la kisiwa. Ulimwengu umekwisha kuangamizwa katikati ya mchezo, jambo ambalo ni nadra, na Celes anazinduka baada ya mwaka mzima katika kisiwa kitupu akiwa na mzee Cid anayemwita babu. Cid ni mgonjwa. Mchezaji anamvulia samaki ufuoni: walio wepesi wanamtia nguvu, walio wazito wanamdhoofisha. Hakuna adui wala pambano, ila mvuvi na mgonjwa. Mchezaji akivua vibaya Cid anakufa, na Celes anapanda jabali na kujitupa baharini. Mawimbi yanamrudisha hai, na ndege aliyejeruhiwa anatua karibu yake akiwa amefungwa kitambaa ambacho Celes anakifahamu. Cid akipona, onyesho la jabali halitokei kabisa. Jambo la kutisha ni kwamba onyesho zito zaidi katika mchezo mzima wanalifikia tu wale walioshindwa kumtunza mzee.

Mtafsiri wa toleo la Marekani, Ted Woolsey, alifanya kazi kwa haraka kubwa, katika nafasi finyu ya kumbukumbu isiyotosha urefu wa sentensi za Kiingereza, na chini ya sera za tawi la Nintendo la Marekani zilizobana maudhui. Katika Kijapani, Cid anaeleza kwamba wakazi wengine wa kisiwa walikata tamaa wakajitupa. Katika Kiingereza cha mwaka 1994, kujirusha kutoka jabalini kunatajwa kana kwamba ni dawa ya kuchangamsha roho iliyozama. Tunafundisha kwamba tafsida hupunguza ukali wa jambo pasipo kulibadilisha. Hapa tafsida ilivuka mpaka ikawa kinyume cha jambo lenyewe, na bado wachezaji waliokuwa wakisoma Kiingereza hicho walielewa walichokuwa wakikiona. Picha ndogo ya Celes ukingoni, ikiwa imeinamisha kichwa, iliwatafsiria upya.

Mji uliosahauliwa

Kuhusu kifo cha Aerith katika Final Fantasy VII kumeandikwa mengi. Nitasema yale tu yanayohusu hoja yangu. Mchezo ulitoka tarehe 31 Januari 1997 kwa mashine ya PlayStation, katika diski 3. Aerith amepiga magoti akisali katika madhabahu iliyozungukwa na maji. Cloud anamwendea, akili yake inashikwa na nguvu nyingine, naye anauinua upanga juu ya kichwa cha Aerith. Mchezaji anapobonyeza kidhibiti, vibonyezo vyake vinamsogeza Cloud kuelekea tendo hilo badala ya kumwepusha nalo. Kisha mkono unasita, na Sephiroth anashuka kutoka juu na kumchoma Aerith mgongoni. Gololi nyeupe iliyokuwa katika nywele zake inaanguka, inadunda ngazi kwa ngazi, inazama majini. Pambano linaloanza papo hapo halina muziki wa vita. Wimbo wa Aerith unaendelea mpaka adui anaanguka. Cloud anamlaza majini, diski ya kwanza inaisha, na mchezaji anainuka kwenda kubadilisha diski kwa mikono yake.

Kitase amewahi kueleza kwamba yeye na wenzake walikataa kifo cha kishujaa kilichotayarishwa kwa hotuba, kwa kuwa kifo katika maisha huacha utupu tu, na majuto ya yale ambayo hayakufanywa. Wachezaji kwa miaka mingi walieneza uvumi wa njia za siri za kumfufua. Walikuwa na sababu: vitani, mtu aliyeanguka huinuliwa kwa unyoya wa finiksi ulionunuliwa dukani. Sioni kasoro katika mgongano huo. Ndio uleule wa pacha wa mawe, safari hii bila ya kurudi nyuma. Toleo la mwaka 2024 liitwalo Rebirth limelitunga upya onyesho hili kwa utata wa makusudi, na mjadala wake unahitaji makala mengine.

Jambo dogo kuhusu jina. Kijapani hakina sauti ya /θ/, hivyo jina lake huandikwa kwa silabi ya su, na Kiingereza cha mwaka 1997 kikaandika Aeris. Tahajia ya Aerith ilisanifishwa baadaye. Mswahili asingepata taabu: anayo th ya thamani na ya thawabu.

Shukrani

Final Fantasy X ya mwaka 2001 ndiyo ya kwanza katika mfululizo mkuu kuwa na sauti za waigizaji. Katika mji wa Luca, Yuna anamwambia Tidus kwamba amejizoeza kucheka anapohuzunika, na wote wawili wanajilazimisha kucheka kwa kicheko kikavu kisichopendeza kusikika. Kipande hicho kimekatwa na kusambazwa kama ushahidi wa uigizaji mbovu. Kimekatwa mahali pabaya: baada yake wanacheka kicheko cha kweli, na tofauti ya vicheko hivyo viwili ndiyo maana ya onyesho.

Mwisho wa mchezo unaonekana kuipinga hoja yangu, kwani mchezaji hatendi lolote, anatazama. Lakini kabla yake amelazimika kuwaua, mmoja baada ya mwingine, viumbe walewale waliomlinda safari nzima, katika pambano ambalo hawezi kushindwa kwa kuwa kila anayeanguka huinuka mwenyewe. Ushindi huo ndio unaomfuta Tidus, aliye ndoto ya wafu. Mkono umekwisha kufanya kazi yake. Macho yanayaona matokeo. Yuna anamkimbilia amkumbatie, anapita katikati ya mwili wake, anaanguka, anasimama, na kwa Kijapani anasema "arigatō".

Alexander O. Smith aliyetafsiri kwa Kiingereza alikataa kuandika ahsante, akaweka tamko la mapenzi. Nadhani alikuwa na haki, na midomo ilimsaidia: picha zilichorwa kwa Kijapani, nalo neno la Kijapani linaishia kwa irabu ya mviringo, kama tamko la Kiingereza linavyoishia. Je, mtafsiri wa Kiswahili? "Nakupenda" ingefunga midomo katikati, mahali ambapo ya Yuna iko wazi, na ingeishia kwa irabu iliyopanuka. "Asante" ni fupi na husemwa pia kwa kikombe cha maji. Mimi ningechagua "nashukuru": haina konsonanti ya kufunga midomo, silabi yake ya pili kutoka mwisho inavutwa kwa mkazo, inamalizika kwa mviringo, na haimtaji anayeshukuriwa.