Buyenzi, mji wa kale usiooneshwa wageni

Mgeni akifika Bujumbura na kutaka kuona mambo ya kale, hupelekwa kwanza Mugere, kilomita kama 12 kusini mwa mji, kwenye jiwe lililochongwa tarehe 25-XI-1871. Wasafiri Livingstone na Stanley walilala hapo siku mbili, majuma machache baada ya kukutana Ujiji. Kisha hurudishwa mjini kutazama kanisa kuu la Regina Mundi, Uwanja wa Uhuru, na majengo ya Wabelgiji yenye kona za mviringo na vivuli vya zege juu ya madirisha. Jioni huishia kando ya Ziwa Tanganyika na sahani ya samaki aitwaye mukeke. Mtaa wa Buyenzi, humohumo mjini, haumo katika ziara hiyo. Ningeulizwa mimi, ningeanzia hapo.

Ukitafuta ukuta wa kale Buyenzi, utatoka mikono mitupu. Nyumba nyingi ni za chini, zimetiwa viraka na kubomolewa na kujengwa upya na watoto, kisha na wajukuu. Cha kale pale ni mistari. Barabara zimenyooka, zinakatana mraba kwa mraba, na badala ya majina ya watu zina namba. Mtu wa Buyenzi akikuelekeza kwao hukutajia namba ya barabara, basi, umeshafika.

Mistari hiyo ina habari ndefu. Wajerumani waliweka kituo cha jeshi Usumbura, kama mji ulivyoitwa, mwishoni mwa karne ya 19. Kukazuka kijiji cha watu wa kila namna: askari, wapagazi, wachuuzi kutoka Ujiji, Uvira na Manyema, wengi wao Waislamu, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao ya utawala wa Urundi Gitega. Serikali ya Burundi ilipofanya hivyohivyo mwaka 2019, wengi walishangaa kana kwamba jambo lile halijawahi kutokea.

Wabelgiji walioingia Juni 1916 waliirudishia Usumbura ukubwa wake, wakaifanya mji mkuu wa Ruanda-Urundi, kisha wakaugawa mji kwa rangi. Wazungu walikaa Rohero na kupanda hadi Kiriri kwenye upepo. Wahindi na Waarabu walipewa mtaa ambao hadi leo unaitwa Asiatique. Waafrika waliwekwa tambarare, Bwiza, iliyoitwa Belge, na Buyenzi, iliyoitwa Kijiji cha Waswahili. Katika makaratasi ya serikali sehemu hizo ziliandikwa "centre extra-coutumier", yaani mahali palipo nje ya mila.

Neno hilo linanichoma. Kwa Mrundi, kila mtu ana mlima wake. Ukimuuliza atokako, atautaja. Watu wa Buyenzi hawakuwa chini ya mtware, yaani chifu, yeyote, wala mlima wowote haukuwahesabu kuwa wake. Badala ya mlima walipewa namba ya barabara.

Waitalia wanalijua vizuri jambo la mistari kudumu kuliko mawe. Katika mji wa Lucca, Warumi walijenga uwanja wa michezo wa duara refu. Mawe yake yaliporwa karne kwa karne, watu wakajenga nyumba zao juu ya misingi, ukuta ukiufuata ukuta wa zamani. Katika karne ya 19 msanifu Lorenzo Nottolini alivunja vibanda vilivyojaa katikati, na duara la Warumi likatokea tena, safari hii likiwa limezungukwa na madirisha ya watu na nguo zilizoanikwa. Watalii hulipa nauli kubwa kwenda kusimama pale. Umri wa Buyenzi hauwezi kulinganishwa na ule wa Lucca, lakini kazi ni ileile: mstari uliochorwa na mtawala, ukajazwa na maisha ambayo hakuyapanga.

Maisha hayo yalizaa siasa. Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957, alipata nguvu kwa Waswahili hawa wa mjini, watu wa duka na soko waliojua maana ya kunyimwa mkopo. Chama chake cha Uprona kilishinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba, akiwa waziri mkuu, alipigwa risasi mezani katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Muuaji, Mgiriki Jean Kageorgis, aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru.

Kabla ya uhuru huo, ng'ambo ya mto Ntahangwa, Wabelgiji walikuwa wameshajenga mtaa mwingine wa mistari, Ngagara, safu za nyumba zilizotoka kwenye mchoro mmoja. Wazee bado huiita OCAF, jina la ofisi iliyoijenga.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1990 mitaa mingi iligawanyika kikabila. Buyenzi nayo iliumia, ila ndiyo inayotajwa kila mara watu wanapokumbuka majirani Waislamu waliomficha Mhutu au Mtutsi chini ya kitanda. Na soko kuu la mjini lilipoteketea asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi wengi waliokuwa wamepoteza kila kitu walitafuta nafasi katika masoko ya mitaani, Ruvumera la Buyenzi likiwemo. Barabara zilizochorwa ziwatenge watu zikawapokea wenye mizigo kichwani.

Rwagasore amelazwa Vugizo, mlimani, chini ya matao matatu. Kila mgeni hupandishwa huko kupiga picha ya ziwa na milima ya Kongo. Akigeuza uso upande wa kaskazini, hewa ikiwa safi, ataona mabati yamejipanga safu kwa safu kuelekea Ntahangwa. Teksi ya kushuka huko haichukui hata nusu saa.