RAMANI YA MAJIMBO YA MAREKANI NA WAISLAMU WALIOTUTANGULIA

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Leo nawapa kazi ya mikono, hasa nyinyi mnaolea watoto Marekani, na nyinyi mlioko nyumbani ambao ndugu zenu wako Ohio, Minnesota au Texas. Tafuteni mtandaoni ramani tupu ya majimbo ya Marekani, ile yenye mistari ya mipaka bila majina. Ziko nyingi za bure. Ichapishe kwenye karatasi ya A4. Kama huna mashine, steshenari watakutolea. Mkalishe mwanao, mpe penseli. Shuleni hukaririshwa majimbo 50 na miji yake mikuu, mtihani ukipita anasahau. Wewe muulize swali moja tu: Waislamu walioishi katika nchi hii kabla yetu walikuwa wapi, na kwa nini walikuwa hapo?

Swali hili lina uzito. Mtoto akiambiwa darasani kwamba dini yake imefika Marekani juzi kwa ndege, na hana la kujibu, huanza kuiona haya. Haya ya namna hiyo haiondoki kwa kumfokea.

Kabla ya kuanza, mwambie kwamba ramani nayo ina hila zake. Alaska huwekwa kwenye kisanduku chini kushoto, imebanwa hadi inaonekana ndogo kuliko Texas, wakati kwa ukubwa wa kweli inazidi Texas mbili. Na ramani bapa itamfanya adhani kwamba kutoka New York kibla ni kusini mashariki. Misikiti mingi ya huko huelekea kaskazini mashariki, kwa sababu dunia ni tufe na njia fupi hupinda. Chukueni chungwa na uzi, ataona mwenyewe.

Sasa anzeni pwani ya mashariki. Katika Maryland kuna ghuba ndefu inayoingia ndani ya nchi, Chesapeake, na ndani yake kisiwa cha Kent. Huko aliuzwa Ayuba Suleiman Diallo wa Bundu, Senegal ya leo, kijana wa nyumba ya elimu, akatiwa kwenye shamba la tumbaku. Alikuwa akijitenga msituni aswali, na mtoto mmoja wa kizungu alimfuata, akamcheka na kumrushia uchafu usoni. Barua yake ya Kiarabu aliyomwandikia baba yake ndiyo iliyomkomboa: ilifika London, naye akafuata mwaka 1733, akaandika huko misahafu mitatu kutoka kifuani. Tusifiche jambo lingine: alitekwa akiwa safarini kuuza watumwa wawili kwa Waingereza. Historia ya Waislamu si historia ya malaika.

Shukeni kusini. North Carolina, mji wa Fayetteville: Omar ibn Said, aliyeletwa Charleston mwaka 1807, alitoroka akafungwa jela huko, na kuta za jela akazijaza maandishi ya Kiarabu. Mwaka 1831 aliandika kwa Kiarabu habari za maisha yake, na akaanza kwa Surat al-Mulk. Fikiri kidogo, ndugu yangu. Mtu ambaye sheria ya nchi inasema ni mali ya mtu, kalamu yake inaanza na sura inayotangaza kwamba ufalme wote uko mkononi mwa Allah.

Magharibi zaidi, kwenye ukingo wa mto mkubwa, andikeni Natchez, Mississippi, na mwaka 1788. Hapo aliuzwa Abdulrahman Ibrahima, mwana wa mtawala wa Futa Jallon, akakaa utumwani miaka 40. Aliachiwa mwaka 1828, akafa Liberia mwaka uliofuata kabla ya kufika kwao.

Sasa mtoto aangalie nukta zake. Zinafuata maji na udongo: tumbaku kando ya ghuba, pamba kando ya mto, mpunga kwenye mabwawa ya pwani ya Carolina na Georgia. Wenye mashamba ya mpunga walipenda kununua watu kutoka Senegambia kwa kuwa waliujua ukulima huo, na Senegambia ilikuwa na Waislamu wengi. Zao liliamua Muislamu azikwe wapi.

Katika Georgia nataka mkae kidogo. Kuna kisiwa kiitwacho Sapelo, kwenye ramani yenu hakitaonekana, chora kitone. Huko aliishi Bilali Muhammad, nyapara wa shamba na mtumwa vilevile. Aliacha daftari dogo la kurasa 13. Wazungu kwa miaka mingi walidhani ni shajara yake. Waliposoma wanaojua, wakakuta ni mafunzo ya udhu, adhana na swala kutoka Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fiqhi ya Maliki. Subhanallah! Mtu yuko kisiwani, hana maktaba wala mwalimu, anaandika alichobaki nacho ili kisipotee.

Katika miaka ya 1930 wazee wa kisiwa waliulizwa habari za mababu zao. Walikumbuka bibi aliyekuwa akiwagawia watoto vitumbua vya mchele siku maalumu, akiviita "saraka". Nyinyi mnaosema Kiswahili hamhitaji kamusi: ni sadaka. Lakini waliokuwa wakikumbuka hivyo walikuwa Wakristo tayari. Neno lilibaki, vitumbua vilibaki, shahada ikaondoka.

Tusiseme ni utumwa peke yake. Nendeni juu kabisa ya ramani, North Dakota, mpakani na Kanada, mji mdogo wa Ross. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 akiishi hapo na kuzilima miaka mitano. Familia kutoka Sham zilifika mwanzoni mwa karne ya 20, watu huru, wenye ardhi yao. Mwaka 1929 walijenga msikiti, nusu yake chini ya ardhi kwa baridi ya huko. Mwaka 1979 ulibomolewa, hakuna wa kuuswalia. Vijana walihama, wengine wakaoa nje ya dini. Mwaka 2005 kilijengwa kimsikiti kidogo cha ukumbusho karibu na makaburi.

Teremkeni hadi Iowa, mji wa Cedar Rapids. Watu walewale wa Sham, msikiti uliofunguliwa mwaka 1934, na huo upo mpaka leo, na jamii iko. Kwa nini huku ilibaki na kule ikafa? Nionavyo mimi, sehemu ya jibu iko kwenye ramani. Ekari 160 kwa kila familia humweka jirani mbali, na theluji humweka mbali zaidi. Cedar Rapids ni mji: watoto wa Waislamu walikua wakionana, na walipofika umri wa kuoa walikuwa wanajuana.

Nukta ya mwisho ni yenu. Tieni alama mnapoishi, kisha alama msikiti wenye darasa la watoto ulio karibu, na alama familia tatu za Kiislamu ambazo mtoto wenu anazijua kwa majina. Wekeni rula, mpime maili.

Wabillahi tawfiq.