'Mara Nyingi' ni Mara Ngapi? Historia ya Vielezi vya Idadi na Nafasi Yake katika Uhakiki

Hebu chukua jibu lolote la insha katika karatasi ya Fasihi, upige mstari chini ya kila neno linaloeleza ni mara ngapi jambo fulani linatendeka. Utakutana na 'kila mara mhusika huyu ni katili', 'mwandishi daima anatumia jazanda', 'mara nyingi wanawake wanadhulumiwa'. Kisha muulize mwenye jibu: mara ngapi? Katika sura zipi? Aghalabu hutapata jawabu. Maneno hayo yametiwa katika insha kama chumvi inayotiwa kwa mazoea, mpishi hajaonja mchuzi.

Makala haya yanadhamiria kufuatilia asili ya maneno hayo na kuonyesha namna yanavyofaa kutumiwa katika uhakiki. Dai letu ni moja: kila kielezi cha idadi ni dai linalohitaji ushahidi, na mtahiniwa anayejua neno limetoka wapi atajua pia mzigo anaojitwika anapoliandika.

Neno moja la Kiingereza

Tunaanzia kwenye Kiingereza kwa kuwa wanafunzi wetu wengi hulifikiria jambo hili kwa lugha hiyo kabla ya kuliandika kwa Kiswahili. Neno wanalolifikiria ni *often*. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa *oft*, kama lilivyo katika Kijerumani hata leo. Umbo refu lilijitokeza katika Kiingereza cha kati, na kuanzia karne ya 16 likazidi kulisukuma kando umbo fupi, ambalo lilisalia hasa katika ushairi na katika maneno machache ya kuunganishwa.

La kuzingatia zaidi ni maana yake. Neno hili halitaji hesabu yoyote. Mtu akisafiri ng'ambo mara tano kwa mwaka, Mwingereza atasema anasafiri *often*. Mtu akioga mara tano kwa mwaka, hakuna atakayesema hivyo. Idadi ni ile ile, ila matarajio yametofautiana. Kwa hivyo neno hili hulinganisha idadi ya matukio na kile ambacho msemaji alikitarajia. Hapo ndipo hatari ilipo kwa mhakiki: anayelitumia huenda anatueleza zaidi kuhusu matarajio yake kuliko kuhusu kitabu alichosoma.

Kiswahili hakikuiachia kazi hii neno moja. Kiliigawa baina ya maneno kadhaa, na sehemu nyingine ya kazi kikaipa sarufi ya kitenzi. Mwanafunzi anayetafsiri *often* kwa 'mara nyingi' kila pahali anauacha utajiri huo nje ya mlango.

Mara: neno lililopita njia nyingi

Neno 'mara' lina asili ya Kiarabu. Katika lugha hiyo *marra* ni tukio moja, na lina uhusiano na kitenzi chenye maana ya kupita. Mara, basi, ni mpito mmoja wa jambo. Wamishonari waliokusanya msamiati wa Kiswahili katika karne ya 19, miongoni mwao Edward Steere aliyechapisha kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka wa 1870, na Johann Ludwig Krapf ambaye kamusi yake ilitoka mwaka wa 1882, walilikuta neno hili tayari ni la watu wa pwani. Baadhi ya waandishi wa enzi hizo waliliandika *marra*, kwa r mbili. Tahajia ya r moja ndiyo tunayoijua sote leo.

Neno hili lilipokaa katika Kiswahili lilizaa matumizi mengi. Kwanza, linahesabu matukio: 'alibisha mara tatu'. Pili, linazidisha: tatu mara nne ni kumi na mbili. Tatu, linaonyesha ghafla: 'mara simba akatokea'. Nne, likiambatana na 'moja' lina sura mbili, tukio moja tu au upesi bila kukawia. Tano, likirudiwa katika sentensi linaonyesha kubadilikabadilika: 'mara acheke, mara alie'.

Mtahini hupenda tofauti za aina hii, na fasihi nayo inazitumia. Katika ngano, 'mara' ya ghafla ndiyo inayomfanya msikilizaji akae sawa. Ni mlango wa taharuki. Mwanafunzi anayeifasiri kuwa ni ya kuhesabu ataikosa taharuki yenyewe.

Zingatia pia kwamba 'mara nyingi' na 'mara kwa mara' si pacha. 'Mara nyingi' yatazama wingi wa matukio. 'Mara kwa mara' yatazama kurudi kwake, tukio likija, likatulia, kisha likaja tena. Mhusika anayelia katika sura nne zilizofuatana analia mara nyingi. Anayelia katika sura ya kwanza, ya tano na ya tisa analia mara kwa mara, na huenda mwandishi amempangia kilio hicho kama kengele inayolia kwa vipindi. 'Kila mara' nayo ni dai kali kuliko yote mawili. Tukio moja tu la kinyume linatosha kuliangusha.

Aghalabu, kawaida, daima na nadra

Maneno haya manne nayo yana asili ya Kiarabu, na kila moja limekuja na mizani yake. 'Aghalabu' linatokana na mzizi wenye maana ya kushinda. Lenye aghalabu ni upande ulioshinda kwa wingi, kama katika kura. Kwa hiyo ukisema 'aghalabu mshairi hutumia tarbia', unadai kwamba ukizihesabu tungo zake, za tarbia zitazidi zile nyingine. Utungo wenye mishororo mitatu hautalivunja dai lako, lakini ikiwa nusu ya tungo zake si tarbia, dai limevunjika.

'Kawaida' linatokana na neno lenye maana ya msingi au kanuni. Ndiyo maana husemi tu kwamba jambo la kawaida linatokea sana. Unasema kuwa linafuata desturi. Tendo laweza kutokea mara nyingi na lisiwe la kawaida. Rushwa katika riwaya yaweza kujaa kila ukurasa na mwandishi bado akaiona kuwa ni uvunjaji wa kanuni. Anayeandika 'kwa kawaida viongozi katika riwaya hii hula rushwa' ajiulize kama anataka kusema kwamba jamii hiyo imekwisha kuikubali.

'Daima' latokana na kudumu. Halihesabu matukio; linadai kwamba hali haikatiki. Linaifaa sifa isiyobadilika, na halimfai mhusika anayekua. Ukisema mhusika ni mwoga daima, umekwisha kusema kwamba hakuna pahali alipojasiri. 'Nadra' nalo ni la uchache, na kwa mhakiki makini lina thamani kubwa, kwani kile ambacho mhusika anakifanya kwa nadra mara nyingine ndicho kinachomfichua.

Kando ya maneno hayo ya kupokea, Kiswahili kina yake ya Kibantu yaliyotolewa katika mwendo wa jua: kucha, kutwa, kila uchao. Tena kinarudia neno lenyewe ili kuonyesha kurudiwa kwa tendo. Sikiliza methali zisemazo 'chovya chovya humaliza buyu la asali' na 'bandu bandu huisha gogo'. Hakuna kielezi cha idadi humo, ila uradidi wa neno umeshafanya kazi ya kuhesabu.

Kiambishi hu- na nguvu yake

Methali hizo zinatuleta kwenye kiambishi *hu-*. Hiki ndicho chombo cha Kiswahili cha kuonyesha mazoea. Hakichukui kiambishi cha nafsi wala hakitaji wakati: mimi husoma, wewe husoma, wao husoma. (Tahadhari: 'wewe husomi' ni ukanushi, na kiishio ndicho kinachotofautisha.) Kwa mazoea yaliyopita tunasema 'alikuwa akisoma', na kwa kukanusha, 'huwa hasomi'. Katika mazungumzo ya Kenya utasikia pia 'anasomanga', kwa kiambishi kinachofanana na kile kilicho hai katika lugha za Kibantu kama vile Kikuyu na lahaja za Kiluhya. Si ujinga wa msemaji. Ni sarufi ya lugha ya mama iliyovuka mpaka. Hata hivyo, Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja kilichoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928, hakina kiambishi hicho, na mtahiniwa akitumie *hu-*.

Kwa kuwa *hu-* haitaji mtu wala wakati, inageuza tendo kuwa tabia, na tabia kuwa kanuni. 'Mgema akisifiwa tembo hulitia maji' haituelezi habari za mgema fulani wa mwaka fulani. Inawahukumu wagema wote. Methali ina ruhusa hiyo, mhakiki hana. Anayeandika 'mwanamke katika fasihi ya Kiswahili husawiriwa kama dhaifu' ametoa hukumu ya methali bila kuhesabu vitabu.

Jambo hili halikomei darasani. Mtu mmoja akiiba, sarufi ya haki inasema 'aliiba'. Anayesema 'watu wa kule huiba' amebadilisha silabi chache tu, na kwa silabi hizo ametia hatiani umma mzima. Mwalimu anayemzoeza mwanafunzi kutofautisha *ali-* na *hu-* katika jibu la fasihi anamfunza pia namna ya kuwasema majirani zake.

Hesabu katika uhakiki

Suala hili lina nafasi yake katika nadharia. Mwaka wa 1972 mhakiki Mfaransa Gérard Genette alieleza uhusiano kati ya idadi ya matukio na idadi ya kusimuliwa kwake. Lililotokea mara moja laweza kusimuliwa mara moja, au likasimuliwa tena na tena. Na lililotokea mara nyingi laweza kukusanywa katika usimulizi mmoja. Sisi tunazo alama za wazi za aina hizo: *ali-* na *-ka-* kwa tukio moja moja, 'alikuwa aki-' na *hu-* kwa mengi yaliyofungwa pamoja.

Tuchukue mfano wa *Utengano*, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyochapishwa mwaka wa 1980 na iliyowahi kutahiniwa katika KCSE. Kuwafungia Tamima na Maimuna ndani ya nyumba ni mazoea ya Maksuudi. Hapo *hu-* inastahili. Kumtaliki Tamima ni tendo la siku moja. Ukiandika 'Maksuudi huwataliki wake zake', umeharibu ushahidi. Lakini usidhani kwamba la siku moja ni jepesi. Talaka hiyo inaisambaratisha familia, na athari zake zinaandama riwaya. Wingi wa tukio na uzito wa tukio ni mambo mawili. Vivyo hivyo, ukidai kwamba wanawake katika riwaya hiyo daima ni wanyonge, Kazija, anayempangia Maksuudi njama ya kumuumbua, yupo pale kukukanusha.

Takriri nayo ihesabiwe. Haitoshi kusema 'mshairi ametumia takriri mara nyingi'; takriri yenyewe ni kurudia. Taja neno lililorudiwa, sema limerudiwa mara ngapi na katika beti zipi, kisha ueleze kinachobadilika kila linaporudi.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, zoezi lifuatalo halihitaji vifaa. Teua sura moja ya kitabu kinachosomwa darasani. Waambie wanafunzi wagawe ukurasa sehemu mbili: upande mmoja waandike yaliyotendeka mara moja, upande wa pili yanayorudiwa. Kisha waandike aya moja kuhusu mhusika mkuu, na kila kielezi cha idadi watakachokitumia wakionyeshe katika orodha yao. Kisichoonekana kifutwe.

Nawe mtahiniwa, kabla ya kuandika 'kila mara', tafuta pahali ambapo haikuwa hivyo. Ukipakosa, andika bila hofu. Ukipapata, shuka hadi 'aghalabu', au 'mara kwa mara', au utaje tu zile mara tatu ulizoziona. Mtahini hawezi kukunyima alama kwa kuwa ulisema tatu pale palipo na tatu.