Alikuwa Nani Yako? Historia Fupi ya Kilio cha Shabiki

Msanii akifa na wewe ukalia, hakosi kutokea mtu wa kukuuliza: "Kwani alikuwa nani yako?" Utamjibu nini? Mama yake humjui, hujawahi kula naye, na pengine Dar es Salaam yenyewe unaisikia tu. Makala hii inajaribu kuwajibia mashabiki wa Bariadi, na jibu lenyewe tunalichota kwenye historia, siyo kwenye magazeti ya udaku.

Tuanzie nyumbani. Usukumani ushabiki haukuletwa na sinema. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 Ngika na Gumha walishindana kwa ngoma na dawa, na kutoka kwao zikazaliwa pande mbili, Bagika na Bagalu. Mavuno yakishaingia ghalani pande hizo hukutana, zinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na upande unaovuta watu wengi ndio mshindi. Miguu ya watazamaji ndiyo inayoamua. Basi mtunzi na mwongoza nyimbo, anayeitwa ningi, ndiye roho ya upande wake. Sasa ningi akifa, shabiki aambiwe anyamaze eti kwa sababu si ndugu? Upande mzima umepungukiwa. Tena sauti ile imekatika, hutaisikia ng'o.

Halafu ikaja redio. Bariadi ni nchi ya pamba, na msimu ukiwa mzuri mkulima alijinunulia baiskeli na redio ya betri. Enzi hizo Bara tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam peke yake, hivyo mwenye redio hakukosa wageni jioni. Kwa njia hiyo Mbaraka Mwinshehe, mtoto wa mwaka 1944, gwiji wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliingia kwenye nyumba ambazo hakuwahi kuziona. Januari 1979 alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa, Kenya. Nchi ilikuwa kwenye vita vya Kagera, na kila mwenye kijana jeshini alikuwa roho juu. Hata hivyo msiba wa Mbaraka haukumezwa na vita.

Hapo kilio cha shabiki kikageuka sura. Ningi akifa, sauti yake huenda naye. Mbaraka alizikwa, lakini gitaa lake likaendelea kutoka redioni kana kwamba hakuna kilichotokea. Unamlilia mtu huku anakuimbia! Hilo wazee wetu hawakuwahi kukutana nalo.

Mwaka 1995, tarehe 23 Machi, akaondoka Marijani Rajabu, yule tuliyemwita Jabali la Muziki. Nani hakuijua sauti ya Safari Trippers na Dar International? Lakini miaka yake ya mwisho bendi haikuwepo tena, na Jabali akawa anajikimu kwa kuuza kanda za nyimbo zake mwenyewe. Sauti ilikuwa ya nchi nzima, dhiki ikawa ya kwake peke yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja mwaka 1999, miaka minne baada ya mazishi. Tulimlilia sana, lakini machozi hayakuwahi kumlipa mtu kodi ya nyumba.

Tukafika kwenye zama za vibanda vya video. Huko ndiko vijana wa Bariadi walikomzimia Steven Kanumba. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, wakati Bariadi ikiwa bado ndani ya mkoa huohuo, kwa hiyo tulimhesabu kuwa wa nyumbani. Alipocheza Dar to Lagos, Oprah na Uncle JJ, watu waliona kumbe kijana wa huku anaweza kusimama na wakali wa Nigeria bila kutetemeka. Machi 2012 mkoa wa Simiyu ukatangazwa, makao makuu Bariadi. Mwezi uliofuata, usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili, mkesha wa Pasaka, Kanumba akafa Dar es Salaam akiwa na miaka 28.

Kwenye ramani tulikuwa tumeshatengana naye. Kwenye msiba hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi. Tarehe 10 Aprili viwanja vya Leaders Club vilifurika maelfu ya watu, wengine wakazimia, ndipo akazikwa makaburi ya Kinondoni. Kifo cha wengi harusi, lakini sisi tulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kinondoni, tusio na nauli ya basi, tulibaki na redio, televisheni ya jirani na simu. Aliyelia peke yake mbele ya kioo naye alikuwa mfiwa.

Sasa jamani, tuambizane ukweli. Kifo cha Kanumba tunakijua tarehe, siku, na hata uwanja alioagiwa. Haya, nitajie ningi wa kijiji chako aliyefariki mwaka uleule wa 2012. Kimya! Naye alijaza uwanja. Naye alililiwa na watu wasio ndugu zake. Ila hakuwa na kanda, hakuwa na gazeti, na waliomlilia nao wanazeeka. Padri David Clement alianza kukusanya mambo ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, tangu miaka ya 1950, na makumbusho ikasimama. Lakini Bujora moja haiwezi kufika kila kijiji cha Maswa, Meatu, Itilima, Busega na Bariadi.

Kwa hiyo kumlilia staa wa mbali si ujinga, wala si kuisaliti ngoma ya nyumbani. Ni kilio kilekile cha uwanjani, kimebadilisha chombo tu. Kosa ni kulia halafu tukasahau. Wewe unayeota kuwa mwandishi, usisubiri mhariri akutume. Mfuate bibi au babu aliyewahi kucheza, umuulize: ningi wenu aliitwa nani, alikuwa upande gani, alizikwa wapi, mwaka ule pamba ilikuwaje? Andika kabla jua halijazama. Na mavuno yajayo ukienda ngomani, kalamu na daftari viwe mfukoni.