Kuvuka nyika ya Australia kwa pikipiki: mafuta, maji na mtu anayejua utafika lini

Katika kipindi chetu cha asubuhi tuligusia makundi ya marafiki wanaokatiza nyika ya Australia kwa pikipiki. Wasikilizaji wengi, hasa ndugu zetu wa bodaboda, walitaka kujua zaidi. Njia hizo zikoje? Mafuta wanapata wapi? Na pikipiki ikizima katikati ya nyika, inakuwaje? Makala haya yanajibu maswali hayo kwa kutumia mfano wa njia moja maarufu, ile ya Birdsville.

Njia yenyewe

Njia ya Birdsville inaanzia kijiji cha Marree, jimbo la South Australia, na kuishia mji mdogo wa Birdsville, jimbo la Queensland. Urefu wake ni kilomita 517, yaani inapita umbali wa Dar es Salaam hadi Dodoma. Ilianza katika miaka ya 1880 kama njia ya kuswagia ng'ombe kutoka Queensland hadi kwenye reli ya Marree. Visima virefu vilichimbwa njiani ili mifugo ipate maji.

Hadi leo sehemu kubwa ya njia ni changarawe, vumbi, mchanga na mawe. Inapita kandokando ya majangwa, likiwemo jangwa la mawe la Sturt. Katika kilomita zote hizo kuna sehemu moja tu ya kununua mafuta, nayo ni Mungerannie, kama kilomita 200 kutoka Marree. Ukishaondoka hapo, zimebaki kilomita zaidi ya 300 bila kituo.

Hesabu ya mafuta

Hapa ndipo safari inapofaulu au kushindwa kabla hata ya kuanza. Tuchukue pikipiki inayokwenda kilomita 20 kwa lita moja kwenye barabara nzuri. Ikiwa na mzigo, ikipita kwenye mchanga na kupigwa na upepo wa mbele, inaweza kushuka hadi kilomita 15 kwa lita. Kilomita 313 ukigawanya kwa 15 unapata kama lita 21. Ongeza robo ya akiba, inakuwa karibu lita 26. Mwenye tangi la lita 17 lazima abebe dumu.

Kundi halihesabu kwa tangi kubwa kuliko yote. Linahesabu kwa tangi dogo kuliko yote, kwa sababu mmoja akiishiwa, wote wamesimama.

Maji na majira

Wakati wa kiangazi cha huko, Desemba hadi Februari, joto hupita nyuzi 45. Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa wasafiri wa nyika ni lita 10 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Mwenye gari anaweza kubeba kiasi hicho, mwenye pikipiki atapata taabu. Ndiyo maana waendesha pikipiki wengi husafiri miezi ya baridi, kuanzia Mei hadi Agosti.

Mvua nayo ina hatari yake. Udongo ukilowa, tairi halizunguki tena, na mamlaka hufunga njia. Anayepita kwenye njia iliyofungwa hutozwa faini kubwa. Mto Cooper Creek huweza kujaa hata kama hapo ulipo hakujanyesha, kwa kuwa maji yake hutoka mbali, Queensland. Ukijaa, kivuko kidogo huletwa kuvusha magari.

Kuendesha kwa kundi

Kwenye vumbi, wa nyuma haoni kitu. Kwa hiyo kila mmoja humwacha mwenzake aende mpaka vumbi litulie, na pikipiki ya kwanza na ya mwisho zinaweza kuachana kilomita nyingi. Wasipoteane vipi? Wana utaratibu rahisi: kila penye njia panda, anayemfuata kiongozi husimama hapo na kuonyesha njia. Haondoki mpaka amwone yule wa mwisho kabisa. Yule wa mwisho huwa ni mzoefu, naye ndiye mwenye vifaa vya kuziba pancha, pampu, spana na dawa za huduma ya kwanza.

Kuna pia malori yanayovuta matrela matatu. Mengine yana urefu wa zaidi ya mita 50. Likija moja, pikipiki husogea pembeni na kusimama, kwa sababu baada ya lori kupita, hakuna kuona mbele kwa muda. Kangaruu na ng'ombe nao huvuka njia zaidi alfajiri na magharibi. Makundi makini huwa yameshapiga kambi kabla ya jua kuzama.

Pikipiki ikizima katikati

Sehemu kubwa ya njia hii haina mtandao wa simu. Kanuni ya kwanza ya nyika ni hii: usiache chombo chako. Chombo kinaonekana kwa urahisi kutoka angani, mtu haonekani. Anayetembea juani hupoteza maji haraka kuliko aliyekaa kivulini.

Kanuni hii ina historia ya huzuni. Desemba 1963, familia moja ya watu watano ilikwama na gari kwenye njia hii ya Birdsville. Waliacha ujumbe ndani ya gari, wakaondoka kwa miguu kutafuta maji. Wote watano walikufa kwa kiu.

Siku hizi wasafiri hubeba kifaa kidogo cha dharura kinachotuma ishara kwa setilaiti. Ukikiwasha, kituo cha uokoaji kinajua mahali ulipo. Wengine hubeba simu za setilaiti, na redio ndogo za mkononi za kuongea wao kwa wao.

Mtu anayejua utafika lini

Vifaa hivyo ni vizuri, lakini betri huisha, na aliyeanguka akazimia hawezi kubonyeza kitu. Kinga ya mwisho ni ya bure: kumwachia mtu jina la njia utakayopita, idadi yenu, siku na saa ya kufika, na la kufanya muda huo ukipita. Ukifika, unamjulisha. Ukisahau kumjulisha, watu wanaweza kuanza kukutafuta bure.

Sisi wa redio tunalielewa jambo hili vizuri. Madaktari wa ndege wa Australia walianza safari zao tarehe 17 Mei 1928 kutoka mji wa Cloncurry, chini ya mpango wa mchungaji John Flynn. Ndege peke yake haikutosha, kwani mgonjwa wa nyikani angemwitaje daktari? Mwaka 1929 fundi Alfred Traeger alitengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli. Familia iliyo mbali na kila kitu ikaweza kutuma habari. Kwetu Afrika Mashariki, huduma ya madaktari wa ndege ilianza mwaka 1957 kutoka Nairobi, na ndiyo iliyozaa shirika la AMREF.

Njia zetu si za Australia, lakini mabonde yasiyo na mtandao tunayo. Bodaboda akipata abiria wa kijiji cha mbali jioni, au ndugu akienda mnadani kwa njia ya porini, aseme nyumbani au kijiweni maneno matatu: napita wapi, niko na nani, nategemea kufika saa ngapi. Na wewe uliyeachiwa maneno hayo, saa ikipita usilale. Piga simu, na isipopatikana, mwamshe jirani mfuate njia aliyoitaja.