Kamina: reli ilikuja, ofisi zikachelewa

Kamina, mji wa Katanga huko Kongo (DRC), ilipata reli mapema, lakini ofisi hazikufuata. Njia ya kampuni ya reli ya BCK kutoka Bukama ilipita hapa hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikafunguliwa 1928. Mwaka 1956 tawi la kwenda Kabalo likaifanya Kamina njia panda ya treni. Wabelgiji walikuwa wameshajenga kambi kubwa ya jeshi, lakini askari hapangi ofisi. Wakubwa wa BCK na wa kampuni ya madini ya Union Minière walikaa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mji ulioanzishwa 1910, na huko ndiko kila mwenye shida ya sahihi alikokwenda.

Huko Lubumbashi kodi ya ofisi ilizoea kwenda na shaba. Sheria ya 1973 ilisema ardhi yote ni ya serikali: mtu hupewa konsesio tu, yaani haki ya kuitumia, ila jengo ni lake na kodi ni yake. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1994 hazikufika hata 50,000. Jengo zuri bila mpangaji ni mzigo wa ulinzi na rangi. Kisha sheria ya madini ya 2002 ikaleta kampuni za kigeni zinazolipa kwa dola, na wenye majengo wakapumua.

Mwaka 2015 jimbo la Katanga likakatwa kuwa majimbo manne. Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami. Katiba inaruhusu gavana, naibu wake na mawaziri wa jimbo wasiozidi kumi. Kila waziri ana kabineti, na bunge la jimbo nalo linataka ukumbi. Wote hao wakatafuta vyumba katika mji uliokuwa makao ya distrikti tu. Hapakuwa na haja ya mgodi ili kodi ipande.

Kolwezi ilipata cheo hichohicho mwaka uleule, lakini yenyewe ina migodi pembeni. Kampuni za shaba na kobalti zinagombea majengo na serikali. Kamina, mpangaji mkubwa ni serikali yenyewe. Katiba inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa papo hapo; kwa vitendo pesa hupitia Kinshasa kwanza, hurudi kwa kuchelewa, na hurudi pungufu. Mwenye nyumba anayejua safari hiyo ya pesa anadai garanti (amana ya kodi) kwanza, ufunguo baadaye.